Swali la SQL likichelewa: hesabu kurasa kwanza, indeksi baadaye

Jedwali likiwa na mistari elfu kumi, kila swali hujibiwa kabla hujainua kidole kwenye kibodi. Likifika mistari milioni 6, ukurasa uleule wa malipo ya mteja unaanza kusuasua, na wa kwanza kuulizwa husema: weka indeksi, yaani orodha ya pembeni iliyopangwa, inayofikisha kwenye mstari bila kupekua jedwali lote. Ushauri si mbaya, ila ni nusu tu. Inabaki kujua iwekwe kwenye safu zipi, zipangwe vipi, na itakula nini kila mtu anapolipa.

Maelezo haya ni ya hifadhidata ya PostgreSQL (kwa kifupi Postgres), toleo la 13 na kuendelea. Mengi yanafaa MySQL pia, ingawa amri hutofautiana. Safu hapa ni zile za wima, kama kiasi au simu. Mstari ni rekodi moja. Jedwali la mfano ni hili:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  id        bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  mteja_id  bigint NOT NULL REFERENCES wateja(id),
  simu      text NOT NULL,
  kiasi     numeric(12,2) NOT NULL,
  hali      text NOT NULL,
  wakati    timestamptz NOT NULL
);
```

Tafuta mkosaji halisi

Usianze na swali linalolalamikiwa zaidi. Anza na linalokula muda mwingi wa seva kwa jumla, na hilo utaambiwa na kiongezi kiitwacho pg_stat_statements. Kiandike kwenye postgresql.conf, katika shared_preload_libraries, uwashe seva upya (kusoma upya mipangilio peke yake hakutoshi), kisha ndani ya hifadhidata utoe amri CREATE EXTENSION pg_stat_statements. Kiache kikusanye siku moja ya kazi ya kawaida, halafu uliza:

```sql
SELECT calls,
       round(total_exec_time) AS jumla_ms,
       round(mean_exec_time::numeric, 2) AS wastani_ms,
       left(query, 80) AS swali
FROM pg_stat_statements
ORDER BY total_exec_time DESC
LIMIT 15;
```

Panga kwa jumla, si kwa wastani. Ripoti ya sekunde 4 inayoitwa mara 3 kwa siku inakula sekunde 12. Swali la milisekunde 8 linaloitwa mara 400,000 linakula sekunde 3,200, karibu saa nzima ya seva, na hakuna mtumiaji hata mmoja atakayekuja kulalamika juu yake. Atalalamikia ile ripoti.

Soma mpango, na usome kurasa

Postgres huhifadhi data katika kurasa za kilobaiti 8. Haisomi mstari mmoja. Inasoma ukurasa mzima. Kwa hiyo kipimo cha kweli cha uzito wa swali ni kurasa ngapi limegusa. Milisekunde hudanganya: ukirudia swali mara ya pili, data imeshaingia kwenye RAM na muda unashuka mara kumi bila wewe kurekebisha chochote. Idadi ya kurasa haibadiliki. EXPLAIN hukuonyesha mpango, yaani njia ambayo Postgres inachagua kulijibu swali, na BUFFERS huhesabu kurasa:

```sql
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT id, kiasi, wakati
FROM malipo
WHERE mteja_id = 48213 AND hali = 'IMEKAMILIKA'
ORDER BY wakati DESC
LIMIT 20;
```

Tahadhari: ANALYZE hapa inaliendesha swali kwelikweli. Ukiipa DELETE, itafuta. Ikibidi kuchunguza UPDATE au DELETE, tangulia na BEGIN (hufungua muamala), umalizie na ROLLBACK (huyatengua yote yaliyofanyika humo).

Bila indeksi, sehemu inayotuhusu ya jibu itafanana na hii:

```
Buffers: shared hit=2210 read=59712
->  Parallel Seq Scan on malipo (actual time=9.8..401.3 rows=19 loops=3)
      Filter: ((mteja_id = 48213) AND (hali = 'IMEKAMILIKA'::text))
      Rows Removed by Filter: 1999981
Execution Time: 415.3 ms
```

Seq Scan maana yake jedwali lote limepekuliwa. Jumlisha hit (zilizokuwa kwenye RAM ya Postgres) na read (zilizoagizwa kutoka nje yake): kurasa 61,922, karibu MB 484, ili kutoa mistari 20. Sasa angalia loops=3. Namba za rows na Rows Removed by Filter ni wastani wa kila mzunguko, kwa hiyo zizidishe kwa tatu: mistari 57 ilifaa, na karibu milioni 6 ilisomwa ikatupwa. Wengi huisahau hesabu hiyo ya mizunguko na kudhani swali ni jepesi kuliko lilivyo. Mkosaji aliyejificha ndani ya Nested Loop (kuunganisha majedwali kwa kurudia utafutaji kwa kila mstari) yenye loops=50000 huonekana mpole sana, 0.02 ms tu, mpaka uzidishe.

Dalili ya kuhitaji indeksi ndiyo hiyo: Rows Removed by Filter kubwa kupita kiasi ukilinganisha na mistari iliyobaki. Seq Scan peke yake si kosa. Jedwali la mikoa lenye mistari 31 linakaa kwenye ukurasa mmoja, na kulisoma lote ni rahisi kuliko kupitia indeksi. Hata jedwali kubwa, swali likitaka theluthi ya mistari yote, kupekua moja kwa moja ndiyo njia nafuu, na mpangaji wa Postgres, yaani sehemu inayochagua mpango, anapoichagua yuko sahihi.

Mpangilio wa safu ndani ya indeksi

Indeksi ya kawaida ni B-tree, na inafanya kazi kama kitabu cha simu kilichopangwa kwa ukoo, kisha kwa jina. Ukijua ukoo, unafika mara moja. Ukijua jina tu, itabidi upekue kitabu kizima. Vivyo hivyo indeksi ya (mteja_id, wakati) inamsaidia anayeuliza kwa mteja_id, au kwa mteja_id na wakati; anayeuliza kwa wakati pekee hapati kitu cha maana. Toleo la 18 limeongeza uwezo wa kuruka safu ya kwanza, lakini unafaa pale safu hiyo ina thamani chache tofauti. Kwa wateja laki mbili usiutegemee.

Kanuni ya kupanga: tanguliza safu zinazolinganishwa kwa alama ya sawasawa, ifuate ile ya ORDER BY, na zile za kulinganisha kwa > au < au BETWEEN zije mwisho. Utasikia kwamba safu yenye thamani nyingi tofauti ndiyo itangulie daima. Kati ya safu mbili zote za sawasawa, hilo halibadilishi chochote kwa swali hilo. Kinachoamua ni maswali mengine yanayoweza kuitumia indeksi hiyohiyo.

Kwa swali letu, jibu la haraka ni:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY malipo_mteja_hali_wakati
ON malipo (mteja_id, hali, wakati);
```

DESC haihitajiki, kwa sababu B-tree husomeka kwenda mbele na kurudi nyuma. Inakuwa na maana pale tu unapochanganya, mfano kiasi DESC, wakati ASC. Rudia EXPLAIN:

```
Limit (actual time=0.031..0.062 rows=20 loops=1)
  Buffers: shared hit=23
  ->  Index Scan Backward using malipo_mteja_hali_wakati on malipo
        Index Cond: ((mteja_id = 48213) AND (hali = 'IMEKAMILIKA'::text))
Execution Time: 0.094 ms
```

Kurasa 23: tatu za kushuka kwenye mti, ishirini za kuchukua mistari yenyewe. Kupanga pia kumetoweka, kwa sababu mistari inatoka ikiwa imeshapangwa.

Wengi huishia hapa. Tukae kidogo, maana indeksi hii ina kasoro mbili. Kwanza ukubwa: kwa mistari milioni 6 inafika takribani MB 280, zaidi ya nusu ya jedwali lenyewe, kwa kuwa neno IMEKAMILIKA limerudiwa humo mara mamilioni. Pili, hali hubadilika. Malipo huingia yakiwa INASUBIRI, baada ya sekunde chache yanakuwa IMEKAMILIKA. Postgres ina njia ya mkato iitwayo HOT: safu inayobadilishwa ikiwa haimo kwenye indeksi yoyote, na ukurasa ukiwa na nafasi, toleo jipya la mstari huandikwa palepale na indeksi haziguswi. Ukishaiingiza hali kwenye indeksi, njia hiyo imefungwa. Kila malipo yanayokamilika yanaandika upya kwenye indeksi zote za jedwali, pamoja na ile ya id ambayo haijabadilika hata kidogo.

Sasa jiulize: katika malipo ya mteja mmoja, mangapi hayajakamilika? Moja kati ya ishirini labda. Basi indeksi ya (mteja_id, wakati) ingesoma mistari 21 na kutupa mmoja. Ukurasa mmoja zaidi! Kwa bei hiyo unapata indeksi ya takribani MB 180, na hali inabaki huru kubadilika. Sisi tungechagua hii ya safu mbili bila kusita. Ina faida nyingine pia: siku mtu akiandika hali IN ('IMEKAMILIKA', 'IMERUDISHWA'), ile ya safu tatu itashindwa kutoa mistari kwa mpangilio wa wakati na italazimika kupanga upya, ya safu mbili haitatetereka.

Na kwa kuwa mteja_id inatangulia, umeziba pengo jingine bila kulitafuta. Postgres haiwekei indeksi safu yenye REFERENCES, yaani inayorejea jedwali jingine. MySQL, kupitia InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data), huiweka yenyewe. Bila indeksi hiyo, kumfuta mteja mmoja tu kunapekua jedwali lote la malipo kuhakikisha hakuna malipo yanayomrejea.

Indeksi ya sehemu

Indeksi ya safu ya hali pekee haina kazi, kwani karibu kila mstari ni IMEKAMILIKA. Lakini programu inayofuatilia malipo yaliyokwama inataka INASUBIRI tu, na hiyo huenda ni mistari mia chache. Hapo weka indeksi ya sehemu:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY malipo_yanayosubiri
ON malipo (wakati) WHERE hali = 'INASUBIRI';
```

Itakuwa ya kurasa chache mno. Kuna mitego miwili. Safu iliyo kwenye WHERE ya indeksi nayo inahesabiwa kuwa imo kwenye indeksi, kwa hiyo HOT inafungwa kwa mabadiliko ya hali kama kawaida. Pima kipi unakihitaji zaidi. Mtego wa pili ni kwenye programu. Ukiandika hali = $1 (nafasi ya thamani itakayoletwa na programu), na Postgres ikaamua kutumia mpango mmoja wa jumla kwa thamani zote, haiwezi kuthibitisha kwamba $1 ni INASUBIRI, basi inaiacha indeksi kando. Andika neno lenyewe ndani ya SQL.

Indeksi ipo, lakini haitumiki

Mara nyingi kosa liko kwenye swali. Safu ikizungushiwa hesabu au kubadilishwa aina, indeksi yake haionekani tena.

Mfano unaojirudia sana ni tarehe:

```sql
WHERE wakati::date = '2025-03-01'
```

Hii inabadilisha kila mstari kwanza. Ukijaribu kuiwekea indeksi, Postgres inakataa kwa ujumbe wa functions in index expression must be marked IMMUTABLE, na ina haki: tarehe ya timestamptz inategemea majira ya anayeuliza. Saa sita usiku ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa 21:00 UTC ya siku iliyotangulia. Seva ikiwa kwenye UTC, malipo ya saa saba usiku yanahesabiwa ya jana, na ripoti ya siku haitalingana na daftari la fedha. Andika hivi, utatibu yote mawili:

```sql
WHERE wakati >= '2025-03-01 00:00+03'
  AND wakati <  '2025-03-02 00:00+03'
```

Usitumie BETWEEN hapa, maana inajumuisha mwisho na malipo ya saa sita kamili yatahesabiwa mara mbili.

Wa pili ni namba ya simu. Imehifadhiwa kama maandishi, programu inaileta kama namba, Postgres inalalamika operator does not exist: text = bigint, na mtu mwenye haraka anaandika simu::bigint = $1. Kosa limenyamaza, indeksi imekufa. Badilisha upande wa thamani: simu = $1::text. MySQL ni mbaya zaidi kwa hili, kwa kuwa hailalamiki. Inabadilisha kimyakimya na kupekua jedwali. Na kabla ya yote, hifadhi namba kwa umbo moja, 255 au 254 mwanzoni, isiwe huku 07 na kule +255.

Mteja naye hutaja tarakimu nne za mwisho. LIKE '%4321' haiwezi kutumia B-tree, kwani mwanzo haujulikani. Igeuze:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY malipo_simu_kinyume
ON malipo (reverse(simu) text_pattern_ops);

SELECT id, simu, kiasi FROM malipo
WHERE reverse(simu) LIKE reverse('4321') || '%';
```

Hiyo text_pattern_ops si pambo. Hifadhidata iliyoundwa kwa mpangilio wa herufi wa en_US.UTF-8 na mfano wake haitumii B-tree ya kawaida kwa LIKE hata pale mwanzo unapojulikana. Baada ya kuweka indeksi ya hesabu namna hii, toa amri ANALYZE malipo (si ile ya ndani ya EXPLAIN; hii hukusanya takwimu za jedwali), ili mpangaji apate takwimu zake. Kwa kutafuta kipande cha katikati ya jina, tumia kiongezi pg_trgm, kinachokata maandishi vipande vya herufi tatu, na indeksi ya aina ya GIN, na umtake mtumiaji aandike walau herufi tatu. Chini ya hapo haisaidii.

Ikiwa swali ni safi na bado indeksi inakwepwa, linganisha kwenye EXPLAIN makadirio ya rows na rows halisi. Makadirio 1, halisi 50,000: takwimu zimepitwa na wakati, jambo la kawaida baada ya kupakia data nyingi kwa mkupuo. ANALYZE inatibu. Zikikaribiana, angalia random_page_cost, yaani gharama ambayo mpangaji hukadiria kwa kusoma ukurasa mmoja wa hapa na pale. Thamani yake ya asili ni 4.0, iliyofaa diski za kuzunguka. Kwenye SSD weka 1.1. Ile enable_seqscan = off, inayomwepusha mpangaji na Seq Scan, ni ya kujaribia kwenye kikao chako tu, usiipeleke kwa wateja.

Kuhusu kumwonyesha mtumiaji orodha ndefu kipande kwa kipande kwa OFFSET 10000 (ruka mistari elfu kumi ya kwanza), indeksi haitakuokoa: mistari elfu kumi husomwa kwanza kisha hutupwa. Kumbuka mstari wa mwisho ulioonyeshwa, uendelee kwa WHERE mteja_id = $1 AND (wakati, id) < ($2, $3), na indeksi iwe (mteja_id, wakati, id).

Kuiweka bila kusimamisha kazi

CREATE INDEX ya kawaida inaruhusu kusoma lakini inazuia kila anayeandika mpaka iishe. Kwenye jedwali la malipo hiyo ni kusimamisha biashara. CONCURRENTLY inaruhusu kuandika, kwa gharama ya kulipitia jedwali mara mbili na kusubiri miamala ya zamani iishe. Kwa hiyo kabla ya kuanza, chungulia pg_stat_activity, orodha ya vikao vilivyo wazi: kikao kilichoachwa idle in transaction (muamala umefunguliwa, haujafungwa) tangu asubuhi kinaweza kuifanya amri ingoje bila mwisho.

```sql
SET maintenance_work_mem = '512MB';
CREATE INDEX CONCURRENTLY malipo_mteja_wakati ON malipo (mteja_id, wakati);
```

Thamani ya asili ya maintenance_work_mem ni 64MB, ndogo kwa kazi hii. Pandisha kulingana na RAM uliyonayo. CONCURRENTLY haikubali kuwa ndani ya BEGIN, na hapo ndipo zana za uhamisho (migration, za kubadilisha muundo wa hifadhidata) hukwama. Ukijenga programu kwa Django tumia AddIndexConcurrently na atomic = False; kwa Rails, disable_ddl_transaction! pamoja na algorithm: :concurrently. Maendeleo utayaona kwenye pg_stat_progress_create_index.

Ikikatika njiani, inaacha indeksi mbovu ambayo haimsaidii anayesoma lakini inaendelea kumlemea anayeandika. Itafute kila baada ya uhamisho:

```sql
SELECT indexrelid::regclass FROM pg_index WHERE NOT indisvalid;
```

Ifute kwa DROP INDEX CONCURRENTLY, kisha uanze upya. Ukiongeza IF NOT EXISTS kwenye amri ya kuunda ukadhani umejilinda, jaribio la pili litaliona jina lipo na kupita, na ule ubovu utabaki.

Kufyeka

Indeksi mpya ya (mteja_id, wakati) inaifanya indeksi yoyote ya zamani ya (mteja_id) pekee kuwa mzigo. Orodhesha zisizoguswa:

```sql
SELECT indexrelid::regclass AS indeksi, idx_scan,
       pg_size_pretty(pg_relation_size(indexrelid)) AS ukubwa
FROM pg_stat_user_indexes
WHERE relname = 'malipo'
ORDER BY idx_scan;
```

Sifuri si hukumu ya mwisho. Angalia stats_reset kwenye pg_stat_database. Kama hesabu ilianza wiki iliyopita, ripoti ya mwisho wa mwezi haijapita bado. Indeksi ya PRIMARY KEY au UNIQUE iache hata ikiwa na sifuri, kazi yake ni kuzuia marudio. Na kama ripoti zako husomwa kwenye seva nakala, endesha swali hilohilo kule pia, kwani kila seva huweka hesabu zake, na indeksi inayoonekana imelala kwenye seva kuu huenda ndiyo inayobeba ofisi nzima ya uhasibu upande wa pili.